Pimbi na Mlio wa Kuazima

Mpo?

"Tupo!"

Mpo kweli, au mpo nusu nusu?

"Tupo kweli!"

Nikigonga?

"Tunafungua!"

Nikinyamaza?

"Tunangoja!"

Haya. Mwenye chungu jikoni akaepue, mwenye usingizi alale chali asinikoromee.

Leo mmejaa sebuleni kwangu mpaka mkeka hautoshi, na sababu naijua. Umeme umekatika. Kile kisanduku cha intaneti pale juu ya kabati kimezima vitaa vyake, simu zimewanunia, ndipo mkakumbuka kwamba humu ndani kuna mtu. Si neno, kaeni. Tena ngano yenyewe inakihusu kisanduku hicho hicho, maana hata anwani kinayotumia si mali yenu. Mmeazimwa. Kila baada ya muda kisanduku kinamwambia mwenye anwani zake, "Nipo, bado nipo," ili asije akampa mwingine. Mambo hayo yalianza kwa wanyama, na aliyeonja uchungu wake ni Pimbi.

Palikuwa na kilima cha mawe, na chini ya kilima aliishi Fuko. Fuko haoni, lakini kwa kuchimba hana mwenzake. Alipitisha mianzi chini kwa chini, kutoka kwake hadi kila nyumba ya kilima kile, na kuvuka hadi vilima vya ng'ambo ya mto. Ukitaka kuzungumza na mtu wa mbali, unagonga mlio wake kwenye mwanzi wako, naye anausikia kwenye mwanzi wake. Mlio ndio anwani. Wa Digidigi ulikuwa ti-ti, ngo. Wa Kanga ulikuwa ngo-ngo, ti. Wa Pimbi ulikuwa ko, ko-ko, ngo.

Lakini Fuko hakumpa mtu mlio ukawa wake. Alimwazima tu. Wanyama wanahama, wanakufa, wanaolewa mbali, na milio haitoshi kuachwa ikae bure kwenye nyumba tupu. Isiyo na mtu aliiweka kapuni. Anayehitaji aligonga mwanzi na kuuliza:

"Jamani, nani ana mlio?"

Fuko akajibu, "Ninao huu. Wautaka?"

"Nautaka!"

"Haya, ni wako, kwa jua moja."

Jua moja maana yake ni likichomoza hadi likichomoza tena. Muda ukifika nusu, yaani jua linapozama, mwenye mlio huweka mdomo kwenye mwanzi na kusema, "Nipo!" Fuko hujibu, "Baki nao!" na jua lake linaanza upya. Asubuhi tena, "Nipo!" "Baki nao!" Ukikosa mara moja, Fuko anakuvumilia. Ukikosa na ya pili, pwata! Mlio umerudi kapuni, na wa kwanza kuuomba ndiye atakayepewa.

Sasa Pimbi. Pimbi ni mdogo, hana mkia, hana pembe, na wakati huo hakuwa na mume pia, alikuwa amemzika. Alikuwa na binti mmoja, Semeni, aliyeolewa ng'ambo ya mto. Kule kwa Semeni viboko walikanyaga mianzi kila walipotoka kula, kwa hiyo leo ana mlio huu, kesho ana mwingine. Siku ya kuondoka alimwambia mama yake, "Mama, mimi hutanipata. Wewe baki na mlio wako usiupoteze. Mimi ndiye nitakayekutafuta."

Basi Pimbi akawa hakosi. Jua likichomoza, "Nipo!" Likizama, "Nipo!" Kiangazi, "Nipo!" Masika, "Nipo!" Semeni alikuwa akigonga mara kwa mara, wakaongea habari za mboga na za wakwe. Siku zisizo na Semeni zilikuwa ndefu. Zilikuwepo siku ambazo neno pekee aliloambiwa Pimbi na kiumbe chochote lilikuwa lile la Fuko, "Baki nao!" Naye alilishukuru, akaingia ndani.

Ikaja mvua. Mvua gani hiyo! Ilianza alasiri, shwaaa, ikaporomosha tope kutoka juu, likaziba kila mwanzi wa mtelemkoni. Jua likazama, Pimbi akaweka mdomo, "Nipo!" Tope tu. Akachimba kwa mikono, kwaru, kwaru, kwaru, hadi kucha zikauma. Jua likachomoza, "Nipo!" Bado tope. Alipolitoa lote, jua lilikuwa limeshapanda.

Akagonga. "Jamani, nani ana mlio?"

Fuko akajibu, "Kapu tupu."

"Bwana Fuko, ni mimi Pimbi. Mlio wangu ko, ko-ko, ngo."

"Umeshachukuliwa, Bi Pimbi. Kapu tupu."

Pimbi akashuka kilima mwenyewe, amejaa tope, hadi mlangoni kwa Fuko.

"Hodi! Shikamoo, Bwana Fuko."

"Marahaba. Karibu."

"Bwana Fuko, nipo! Unanisikia, nipo hapa mbele yako!"

"Mbele yangu upo," akasema Fuko kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Kwenye mwanzi hupo. Mimi sioni sura, dada yangu. Anayesema yupo, yupo. Asiyesema, hayupo. Nikianza kuchagua wa kumhurumia, kesho nitagombana na kilima kizima."

"Basi niambie aliyeuchukua."

"Mwenye sauti ya mkwaruzo, kama yako. Tena leo asubuhi wamekuja wengi kuomba, sauti nyembamba, sauti nene, sauti ya puani. Wote wanaishi kule juu, mahali pakavu."

Kule juu mahali pakavu hakuna anayeishi ila Fisi peke yake.

Pimbi alipanda, akafika jua likikaribia kuzama, akajibanza nyuma ya jiwe. Akamwona Fisi amekaa mbele ya mwanzi wake, amevimba kwa raha. Akamsikia.

"Nipo!" kwa sauti nyembamba ya Digidigi. "Baki nao!"

"Nipo!" kwa sauti ya Kanga. "Baki nao!"

"Nipo!" kwa sauti ya Ngiri, ya puani. "Baki nao!"

Na mwisho, kwa sauti ya Pimbi kabisa, yenye mkwaruzo ule ule wa kifua, "Nipo!" Fuko akajibu, "Baki nao!"

Mnauliza, Fisi na milio yote hiyo ya nini? Wenzangu, ni tumbo. Kilimani palikuwa na desturi: kukiwa na arusi au matanga, pande moja la chakula hutolewa kwa kila mlio. Digidigi ana mlio mmoja, ale pande moja. Fisi akapiga hesabu ya fisi, akaona akiwa na milio yote atakula kilima kizima.

Pimbi alikuwa bado nyuma ya jiwe wakati mwanzi ulipolia. Ko, ko-ko, ngo.

Fisi akainamia mwanzi, akasikiliza kidogo, kisha akaangua kicheko. "Mama gani? Hakuna Pimbi hapa! Hayupo! Hii-hi-hi-hiii!" Akauziba mwanzi kwa paja lake.

Pimbi akatoka mafichoni. Hakujali meno wala kucha. "Huyo ni mwanangu! Amesema nini?"

"Aa, Bi Pimbi. Karibu sana. Amesema neno, ndiyo, tena alilisema kwa kwikwi. Lakini mimi nikiwa na njaa, kumbukumbu inanitoka. Niletee kitu kitamu, huenda nikakumbuka."

Pimbi akashuka. Alirudi nyumbani kwake, akakaa mlangoni akiutazama mwanzi wake ulio safi na usio na kazi. Usiku uliingia pasipo mtu wa kumwambia yupo. Alilia. Nasema wazi, alilia sana, na kwa kuwa hakuna aliyemsikia, alilia mpaka akamaliza mwenyewe. Halafu akapangusa pua, akatafuta sufuria.

Asubuhi alichanja mkuyu, akakinga utomvu, akauchemsha ukawa ulimbo, ule ulimbo wa kunasia ndege. Akautia asali, iliki na kungumanga, akasonga, akasonga, bwata, bwata, bwata, hadi ikawa halua inayong'aa. Kidogo kwa ncha ya ulimi haina neno, inalainika kwa mate; ikijaa kinywa ndiyo inanata. Aliikata mapande mengi, akaipanga kwenye sinia, akaifunika kawa. Alasiri akaibeba hadi juu.

"Hodi, Bwana Fisi! Nimefanya karamu ya kumkumbuka marehemu mume wangu. Pande moja kwa kila mlio. Wenye milio wako wapi?"

Fisi akanusa. Mate yakamtoka tiri-tiri. "Wamo humu ndani, wote. Waite tu."

"Pande la Digidigi?"

"Mimi!" kwa sauti nyembamba. Nyam.

"Pande la Kanga?"

"Mimi!" Nyam, nyam.

"Pande la Ngiri?"

"Mini!" Nyam-nata, nyam-nata. Meno yalikuwa yameanza kushikana, lakini ni nani awezaye kumzuia fisi penye sinia?

"Pande la Pimbi?"

Fisi akaitika kwa sauti ya Pimbi, "Nnimi!" na Pimbi, akiisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye kinywa kile, alilitoa pande hivyo hivyo. Akaendelea kuita majina ya kilima chote, na Fisi akaendelea kupanua mdomo, kila safari ukipanuka kidogo kuliko safari iliyotangulia.

Likabaki pande la mwisho, kubwa kuliko yote. "Na hili," akasema Pimbi, "ni la Bwana Fisi mwenyewe. Yupo?"

Fisi akalipokea, akauma, taya zikakutana. Gub!

"Mmm!" akasema Fisi.

"Nimekuuliza, yupo?"

"Mmmmm!"

Jua likazama. Fisi akarukia mwanzi. "Mmm! Mmm! Mmmm!"

"Nani huyo?" akauliza Fuko. "Sema neno."

"Mmmm!"

"Sielewi. Nakuvumilia mara hii."

Fisi akakwaruza mdomo kwenye mawe, akaloweka pua mtoni, akajivuta ulimi kwa makucha. Ulimbo haukumjali. Jua likachomoza. "Mmmm! Mmmm! Mmmm!" Fuko akasikiliza kwa haki kama alivyozoea, kisha milio ikaanza kurudi kapuni. Pwata! Pwata! Pwata-pwata-pwata!

Kilimani wote walikuwa wamekaa tayari penye mianzi yao, maana Pimbi aliwapitia nyumba kwa nyumba kuwaambia. "Jamani, nani ana mlio?" Fuko ana tabia yake nzuri: ukirudi kuomba, na mlio wako wa zamani ukawa bado umo kapuni, anakuchagulia ule ule. Zamu ya Pimbi ikafika.

"Jamani, nani ana mlio?"

"Bi Pimbi! Ninao huu, ko, ko-ko, ngo. Wautaka?"

"Nautaka!"

"Haya, ni wako, kwa jua moja."

Basi, vigelegele kilima kizima. Wakambeba Pimbi juu juu, wakamwimbia, wakamwita shujaa. Halafu kila mmoja akakumbuka kwamba ana mlio wake, akaingia kwake kuzungumza na watu wake. Vicheko vikasikika kila nyumba. Pimbi akakaa mbele ya mwanzi wake. Ukawa kimya.

Hapo ndipo akili ilipomjia. Semeni ameambiwa mama yake hayupo. Kwa nini agonge tena? Na neno alilolisema limo kwenye kinywa ambacho Pimbi mwenyewe amekigandisha.

Akachukua mafuta ya ufuta na kitambaa, akapanda tena. Alimkuta Fisi amelala kifudifudi, macho mekundu, amekonda kwa siku moja. Pimbi akamwinua midomo kwa mkono mmoja, akaanza kumpaka mafuta, polepole, kutoka pembeni. Si mjinga: aliufungua ulimi tu, meno akayaacha yameshikana.

"Sema kwanza. Meno baadaye. Mwanangu alisema nini?"

Fisi akasema kwa mwanya wa meno, na safari hii ilikuwa sauti yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwenye mwanzi. "Alisema, 'Mwambieni mama...' Halafu nikacheka. Sikungoja amalize."

"Hukusikia zaidi?"

"Sikusikia. Naapa. Nilikudanganya nipate chakula."

Pimbi akakaa chini, kitambaa mkononi.

"Milio yote ile," Fisi akanung'unika, "ililia mchana kutwa. Yuko wapi Kanga, yuko wapi Ngiri, mama yuko wapi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, Fisi, umeamkaje."

Pimbi alimtazama. Alimwonea huruma, kidogo sana, kiasi cha kumwachia kibuyu cha mafuta. "Meno yamalizie mwenyewe," akasema. "Na ukiomba mlio kesho, omba mmoja." Akashuka.

Siku zikaenda. Jua likichomoza, "Nipo!" "Baki nao!" Likizama, "Nipo!" "Baki nao!" Digidigi akamshauri, "Mama Semeni, hamia kwetu huku chini, huko juu unajichosha, utapewa mlio mwingine." Pimbi akashukuru, hakuhama. Kanga akamwambia, "Mtoto akiolewa mbali husahau, ndiyo dunia." Pimbi akashukuru, hakubishana. Mvua zikaja, akazibua mwanzi kabla ya kula. Akapata homa, akajikokota hadi kwenye mwanzi, akasema kwa pumzi moja. Hakujua kama anamwambia Fuko au anamwambia nani. Alisema tu.

Ikawa siku moja, mchana mtupu, anachambua mchicha. Ko. Ko-ko. Ngo.

Huko kwa mgongaji kulikuwa kimya, kimya cha mtu aliyejiandaa kuchekwa. Pimbi aliweka mdomo kwenye mwanzi, na kwa yote aliyokuwa ameyapanga kusema miezi yote ile, hakuna lililotoka ila lile alilolizoea.

"Nipo."

"Mama?"

"Nipo."

"Mama, waliniambia hupo."

"Kulikuwa na tope, mwanangu."

Semeni akalia kwanza, mama yake akamngoja. "Sikutazamia mtu," akasema. "Nimegonga tu, nilitaka kuusikia mlio wetu. Siku ile nilitaka wakwambie nimejifungua. Sasa anatambaa. Huyu hapa." Na kwenye mwanzi ikasikika pumzi ndogo, hufu, hufu, karibu sana, ikifuatwa na sauti ya meno mawili yakitafuna mwanzi.

Haya, tumefika. Ngano haiachwi bila funzo, mtanisema kwa wazazi wenu. Funzo la leo ni hili: ukiwa nyumbani kwako, nyamaza. Usimwambie mtu upo. Anayekupenda atakuona mwenyewe, hata ukijificha uvunguni. Tena ukipata halua, kula ya kilima kizima peke yako, haina madhara.

Mnacheka nini? Eti Pimbi hakunyamaza? Pimbi ni mnyama, nyinyi ni watu, mna simu.

Aa! Umeme huo. Tazameni kisanduku. Kitaa cha kwanza kinapepesa: jamani, nani ana anwani? Kinangoja. Cha pili kinawaka: naitaka. Haya, kimeshaazimwa. Pengine ni ile ya jana, pengine mvua ilipozima kila kitu amepewa mwingine, na nyinyi hamtajua wala hamtajali, mradi picha zinafunguka.

Basi ngano yangu nairudisha kapuni. Atakayeitaka agonge, aseme naitaka, ni yake kwa jua moja.

Nimegonga. Mpo?

Mpo?

Haya. Mimi nipo.